Umehamia nyumba mpya na mvua ya Machi iko karibu: mwongozo kamili wa kuanza bustani ya mboga

Kila mwaka ikifika Aprili maswali ni yale yale. Mtu kahamia nyumba mpya Januari, mvua ya kwanza ya Machi imepiga akakimbia kununua mbegu za sukuma na nyanya, akachimbachimba pale mbele ya nyumba akamwaga, na sasa anauliza mbona miche imekuwa ya njano, mbona imesimama haikui, mbona maji yanatuama tu. Halafu lawama zinaenda kwa mbegu, au kwa duka, au anasema mkono wake hauna baraka.

Mara nyingi mbegu haina kosa. Kosa liko kwenye udongo. Fundi akijenga nyumba anachimba msingi, anachimba shimo la choo, ule udongo wa chini mwekundu usio na rutuba unatolewa juu na kusambazwa kiwanja kizima, halafu wanaongeza maramu (udongo wa changarawe wa barabarani) ili gari lisikwame, na juu yake vinamwagika simenti, vipande vya matofali, misumari na kaveera (mifuko ya plastiki). Ule udongo mweusi uliokuwepo mwanzo umezikwa huko chini. Yaani wewe umepanda kwenye kifusi.

Ndo maana kwenye mwongozo huu mbegu zinakuja hatua ya tano. Anayetaka kurukia huko moja kwa moja aende tu, tutaonana Aprili.

Ratiba niliyoweka ni ya huku Uganda, kwa Kampala, Wakiso, Mukono, Entebbe, Jinja, Masaka na kwingine ambako ttoggo (msimu wa kwanza wa mvua) inaanza Machi mpaka Mei na ddumbi (msimu wa pili) inakuja kuanzia Septemba hivi mpaka Novemba. Wa Gulu na Lira sogezeni kila kitu mbele kama mwezi mmoja, mvua yenu ni msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili. Wa Kabale na Kisoro baridi yenu inawapa kabichi na viazi mviringo ambavyo huku chini tunahangaika navyo, hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujashika jembe

- Jembe, panga, reki, na kama udongo ni mgumu jembe uma
- Gambuti. Kwenye nyumba mpya misumari iko kila mahali, usiingie na sandozi
- Jerikeni mbili za lita 20 na moja iliyotobolewa matundu madogo ya kumwagilia
- Chupa ya plastiki ya maji, inayoonekana ndani, ya kupimia udongo
- Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, au mboji. Piga hesabu ya ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mraba
- Nyasi kavu au maganda ya kahawa ya kufunika udongo
- Mbegu (soma hatua ya 5 kwanza kabla hujanunua)
- Vijiti, kamba, na wavu au miba ya kuzuia kuku
- Magunia matatu manne, kama huna ardhi au kiwanja chote ni maramu

Mbolea ya dukani sijaiweka. Si kwamba ni dhambi, ila kwenye kifusi inaponyoka na mvua na hela yako inaenda nayo mtaroni. Udongo kwanza.

## Hatua ya 1: Maliza mambo ya nyumba

Wiki ya kwanza usilime. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) ujitambulishe, uandikwe, hilo ni jambo la kufanya hata kama hulimi, ila kuna faida ya ziada, mwenyekiti anajua mbuzi wa nani wanazurura na nani huwa anachoma takataka kwenye kona yako. Halafu ongea na mama mmoja aliyekaa hapo mtaani muda mrefu. Muulize swali moja tu: mvua kubwa ikinyesha maji yanapita wapi? Jibu lake linakuokolea nguvu nyingi.

Kama umepanga, omba ruhusa. Usilime kimya kimya ukidhani mwenye nyumba hataona. Mwambie hivi: "Mzee, naomba nilime mboga kidogo pale nyuma. Miti sipandi, na nikihama napaacha pamesawazishwa." Wengi wanakubali wakisikia hakuna miti, maana wanachoogopa ni mizizi kwenye msingi na mpangaji atakayekuja kudai fidia ya mazao. Akikubali kwa mdomo, mtumie meseji ya kushukuru ukitaja sehemu mliyokubaliana, akijibu "sawa" ihifadhi.

Kisha ulize mambo matatu: bomba la National Water (shirika la maji) linapita wapi kutoka kwenye mita, kuna waya wa umeme chini ya ardhi, na shimo la choo liko wapi. Bomba mara nyingi limefukiwa juujuu tu na jembe moja zito linalitoboa, na bili ya hayo maji ni yako. Shimo la choo na lile la kunyonya maji machafu kaa nalo mbali, hasa kwa karoti, vitunguu na chochote kinacholiwa kibichi.

Dalili kuwa umemaliza hatua hii: unaweza kusimama mlangoni ukaonyesha kwa kidole, hapa nalima, hapa silimi.

## Hatua ya 2: Soma jua na maji

Chagua siku moja uko nyumbani, labda Jumapili. Angalia kiwanja saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, kila mara weka kijiti pale kivuli kinapoishia. Mboga za majani, dodo (mchicha), nakati (mboga ya majani ya jamii ya biringanya), sukuma, zinaridhika na jua la masaa manne matano. Nyanya, biringanya, pilipili na maharage zinataka masaa sita kwenda juu.

Hapa kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo Januari jua linapita upande wa kusini, Machi linakuja juu ya kichwa, na ikifika Juni limehamia kaskazini. Ukuta ulio kaskazini mwa bustani ambao Januari haukusumbui, Mei na Juni unakutupia kivuli, na nyua za siku hizi ni ndefu kweli. Kwa hiyo ukipima Januari au Februari, acha nafasi upande wa ukuta wa kaskazini na usiweke hapo nyanya, weka nakati.

Maji sasa. Mvua ya kwanza ikipiga usikae ndani, vaa gambuti utoke uangalie. Maji ya bati yanaangukia wapi, ya jirani wa juu yanaingilia wapi, yanatuama wapi. Kampala ni vilima, ya juu yote yanakuja kwako. Panapopita mkondo usilime, chimba mtaro. Panapotuama usilime mpaka uinue tuta.

Kama mwenye nyumba ameweka gata, tafuta tanki au hata pipa. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita mraba 40 mvua ya milimita 10 ikinyesha zinashuka kama lita 400, hizo ni jerikeni 20, toa kidogo zinazomwagika. Na bomba la mtaani likikauka siku mbili tatu, utashukuru. Ila funika pipa na wavu, na usiache makopo na matairi yenye maji yanazagaa. Mbu hawahitaji mwaliko.

## Hatua ya 3: Pima udongo, hakuna haja ya maabara

Vipimo vitatu, vyote havina gharama.

Chupa. Chimba mpaka kina cha kiganja, chukua udongo ujaze theluthi moja ya chupa, ongeza maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu kisha weka chini usiiguse. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika chache, tope laini linafuata baada ya masaa, mfinyanzi unakuja juu yake na unaweza kuchukua mpaka kesho yake. Mchanga ukiwa karibu wote, maji na rutuba vitapita tu, unahitaji samadi nyingi. Mfinyanzi ukiwa mwingi, samadi pia ndo dawa pamoja na tuta la kuinuka, wala usijaribu kuongeza mchanga kidogo kidogo kwenye mfinyanzi, ukikauka unashikana vibaya kuliko mwanzo.

Shimo. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, jaza maji, acha yaishe, jaza tena. Yakishuka sentimita mbili mpaka tano kwa saa ni vizuri. Yakilala mpaka asubuhi, mizizi itaoza hapo.

Maharage kwenye kopo. Hiki ndo kipimo ninachokiamini zaidi. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja weka udongo wako, lingine weka udongo mzuri uliochota chini ya mgomba wa jirani (omba kwanza). Panda maharage matano kila kopo, mwagilia sawa, kaa wiki mbili au tatu ulinganishe. Ya kwako yakijikunja, yakiwa ya njano au hayaoti kabisa wakati yale mengine yako fresh, udongo una tatizo, inaweza kuwa simenti, chokaa, au dawa ya kuua majani ambayo mafundi walipuliza kabla ya kujenga. Usipande hapo msimu huu. Ruka uende kwenye magunia, nimeyaelezea huko chini.

Ukitaka dalili ya haraka zaidi, angalia magugu. Mahali ambapo hata magugu hayataki kuota, sukuma yako itafuata nini?

## Hatua ya 4: Tengeneza matuta

Hii ndo kazi yenyewe, na ndo watu wanairuka. Ifanye wiki mbili tatu kabla ya mvua kushika, yaani Februari, ili samadi itulie na udongo ushikane.

Kwanza okota. Matofali, misumari, kaveera, vioo, mabonge ya simenti. Weka ndoo pembeni ujaze na urudie. Mabonge ya simenti yanapandisha chokaa kwenye udongo na mboga zinageuka njano hata ukiweka mbolea gani, kwa hiyo usiyafukie ukasema mvua itayamaliza. Matofali mazima usitupe, yanafaa kuzungushia tuta.

Halafu pima tuta upana wa mita moja, isizidi mita moja na robo. Urefu utakavyo. Sababu ni kwamba lazima mkono wako ufike katikati ukiwa umesimama pembeni, maana ukianza kukanyaga tuta udongo unashindiliwa kama uwanja wa mpira. Acha njia ya sentimita 40 au 50. Kama kiwanja kina mteremko, matuta yakate mteremko yaende kwa upana, yasishuke nao, la sivyo mvua moja kubwa na samadi yako iko kwa jirani wa chini.

Chimba kwa kina cha sentimita 30. Ukikuta udongo mweusi umezikwa huko chini shangilia, uchimbue uje juu, na ule mwekundu uuzike. Kila mita mraba mwaga ndoo ya samadi, changanya kwenye sentimita 15 za juu. Inua tuta sentimita 15 au 20 juu ya njia, na kama uko karibu na kinamasi au kipimo cha shimo kilifeli, fika 30. Mwisho funika na nyasi kavu. Udongo ulio uchi kwenye mvua zetu unapigwa mpaka unafanya ukoko, na jua likija unapasuka.

Onyo kuhusu samadi ya kuku. Ni kali sana, na wauzaji wengi wanakuletea ya juzi kutoka banda la broila. Ingiza mkono ndani ya rundo: likiwa la moto au likikupiga puani mpaka macho yanatoa machozi, halijawa tayari, litaunguza miche. Lifunike na turubai likae miezi kadhaa, ukiligeuza mara kwa mara. Iliyoiva haina moto na inanuka kama udongo.

Maganda ya matoke na mabaki ya jikoni? Anza rundo la mboji leo, changanya mabichi na makavu, lageuze kila baada ya wiki mbili, ila litakufaa ddumbi, ttoggo hii litakuwa bado.

Unajua umefaulu hapa ukisukuma mkono wako mtupu kwenye tuta na vidole vyote vinazama bila kugonga kitu.

## Hatua ya 5: Mbegu na kitalu

Kampala watu wananunua Container Village (eneo la maduka ya pembejeo), kwingine maduka ya pembejeo ya mjini. Popote unaponunua angalia pakiti imefungwa, ina tarehe, na haijakaa kwenye jua la dirishani. Mbegu feki zipo, hilo si siri. Kwa hiyo zipime kabla ya kupanda: chukua mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya kaveera, weka mahali pa joto, subiri wiki hivi. Zikiota nane kwenda juu ni nzuri. Tano mpaka saba, panda kwa wingi zaidi. Chini ya hapo ni hasara, rudisha dukani na kitambaa chako mkononi kama ushahidi.

Msimu wa kwanza kwenye nyumba mpya mimi ningepanda dodo, nakati, sukuma, maharage na kitunguu kidogo. Hapo nyumba inakula. Nyanya ningeziacha mpaka ujue udongo wako, manake ttoggo ina mvua nyingi na baka jani (ugonjwa wa ukungu) linazimaliza ndani ya siku chache, halafu unaanza kupuliza dawa kila siku ya pili mpaka nyanya zinakuwa nyeupe kama zile za sokoni, na sasa kwani ulilima nyumbani ili iweje? Ukizitaka lazima, weka miche michache chini ya upenu wa bati ambapo mvua haiwapigi kichwani.

Za kupanda moja kwa moja: dodo, maharage, karoti. Za kuanzia kwenye kitalu: sukuma, kitunguu, biringanya, nyanya. Nakati unaweza kumwaga moja kwa moja kwenye mistari, ila inachelewa kuota, usije ukaanza kufukua kuangalia.

Kitalu anza mapema Februari, kwa sababu sukuma inahitaji wiki nne mpaka sita kabla ya kuhamishwa na wewe unataka iwe tayari mvua ikishika (kitunguu kinakaa zaidi, ni cha kwanza kumwagwa). Tuta dogo la mita moja, udongo laini uliochekechwa, mistari yenye nafasi ya sentimita 10 au 15, mbegu kina cha sentimita moja tu. Funika na nyasi nyepesi, mwagilia asubuhi na jioni kwa jerikeni ya matundu. Siku unayoona vichwa vya kijani vinatokeza, toa nyasi siku hiyo hiyo, ukichelewa miche inakuwa mirefu myembamba inatafuta mwanga na haitasimama. Jenga kibanda kifupi cha kivuli juu yake, na wiki ya mwisho punguza kivuli na maji kidogo kidogo ili izoee maisha ya nje.

Mche uliofaulu ni mfupi, mnene, una majani manne au matano ya kweli. Mrefu unaolala si mche mzuri hata kama unaonekana umekua.

## Hatua ya 6: Kupanda mvua ikishika

Mvua ya kwanza inadanganya. Inapiga siku moja, watu wote mbio shambani, halafu jua linawaka wiki nzima na mbegu zinakufia ndani. Subiri mvua mbili tatu zilizofuatana, kisha chimba na kidole na panga: udongo ukiwa na unyevu mpaka sentimita 15 chini, sasa panda. Kama una tanki la kujaziliza unaweza kuwahi kidogo.

Miche hamisha jioni, saa kumi na moja hivi, au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa na udongo wake, shika jani usishike shina, panda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho (nyanya tu ndo unaizamisha zaidi), bana udongo kwa vidole, mwagilia hata kama mawingu yamejaa.

Nafasi, na hapa muache ubishi:

- Sukuma: sentimita 45 mpaka 60
- Biringanya na nyanya: sentimita 60
- Maharage: mistari sentimita 50, shimo hadi shimo 10 mpaka 20
- Kitunguu: sentimita 10 hivi
- Nakati na dodo: mistari sentimita 30, kisha punguza zikiota, na hizo unazopunguza unakula

Sukuma ikibanwa sentimita 20 unapata vijani vya ukubwa wa kiganja cha mtoto na vidukari wa kutosha mtaa mzima.

Ndani ya siku tatu mpaka tano mche unaweza kulegea mchana na kuamka jioni, hiyo ni kawaida. Ukiona jani jipya dogo linachomoza katikati, umeshika.

## Hatua ya 7: Kulinda na kulisha

Kuku wa jirani. Adui nambari moja, kabla ya mdudu yeyote. Zungushia wavu au miba siku ile ile ya kupanda, usisubiri kesho. Na kwa jirani nenda kwa upole: "Nnyabo (mama), kuku wako wananitembelea, naweka wavu, ukiwaona wamenasa usishangae." Ugomvi wa kuku ukifika LC1 hauna mshindi.

Mche umekatwa chini asubuhi kama kwa wembe. Huyo ni sota, funza mweusi anayejikunja. Chimbua kidogo pale pale kwenye shina lililokatwa, yuko sentimita mbili tatu chini amelala. Mponde. Kwa miche iliyobaki zungushia kola ya karatasi ngumu au kipande cha chupa ya plastiki, nusu ndani ya udongo nusu nje.

Vidukari chini ya majani ya sukuma. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyizia jioni upande wa chini wa jani, rudia baada ya siku tatu nne. Majani yaliyojikunja kabisa yatoe.

Konokono. Waokote usiku na tochi. Hakuna ujanja zaidi ya huo unaoshinda mikono.

Nyanya, biringanya au nakati inanyauka ghafla ikiwa bado ya kijani. Kata shina chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi usilitikise. Likitoa uzi mweupe kama moshi ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Ng'oa mmea wote na mizizi yake, usiuweke kwenye mboji, na mahali hapo usipande jamii hiyo misimu kadhaa: nyanya, biringanya, pilipili, ntula (nyanya chungu), nakati na viazi mviringo wote ni ndugu. Panda maharage au sukuma. Osha jembe pia, linabeba ugonjwa.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko na uziheshimu, mboga ya majani unaila wiki hii hii na watoto wako.

Majivu watu wanayamwaga kama chumvi. Kidogo sawa, ila kwenye kiwanja chenye mabaki ya simenti unazidisha kile kile ambacho tayari kimezidi.

Kulisha: wiki tatu baada ya kuhamisha, loweka samadi iliyooza kwenye ndoo, theluthi samadi na iliyobaki maji, funika, koroga kila siku kwa wiki moja au mbili. Ongeza maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi isiyo kali, kisha mimina kwenye udongo kuzunguka shina. Kwenye majani usimwage, hayo unayala.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo peleka kwenye mgomba kama upo, si kwenye mboga.

## Kama huna ardhi, au udongo ulifeli

Gunia linafanya kazi na lina uzuri mmoja, ukihama unahama nalo. Changanya udongo mzuri sehemu tatu, samadi iliyooza mbili, mchanga moja. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili, lijaze kokoto, zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena, mpaka gunia lijae na katikati kuna nguzo ya kokoto. Maji unamwaga kwenye hiyo nguzo, vinginevyo miche ya chini itakufa kwa kiu wakati ya juu inaoza. Toboa matundu pembeni kwa zigzagi, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, ingiza miche ya sukuma au dodo. Lisimamishe mahali pake kabla ya kulijaza, likishajaa hulisogezi peke yako.

Jerikeni kuukuu zilizokatwa zinafaa pia, ilimradi hazikubeba dawa za shamba, rangi au oili. Na toboa chini. Watu wanasahau kutoboa chini!

## Hatua ya 8: Kuvuna, na Juni ikifika

Dodo unaanza kula wiki ya tatu mpaka ya tano. Nakati wiki ya sita mpaka ya nane. Sukuma wiki sita mpaka nane baada ya kuhamisha, maharage miezi miwili mpaka mitatu kutegemea aina.

Sukuma vunja majani ya chini kwanza, mawili matatu kwa mche, kile kichwa cha juu usiguse, mche mmoja utakulisha miezi. Dodo na nakati using'oe, kata juu ya vifundo viwili vitatu vya chini zichipue tena. Ukiona dodo imeanza kutoa mbegu mapema sana, hiyo ni njaa au kiu, lisha na umwagilie.

Juni mvua inakata na hapa ndo bustani nyingi zinafia. Ongeza nyasi mpaka unene wa sentimita tano au zaidi, mwagilia asubuhi mara mbili tatu kwa wiki lakini kwa wingi, badala ya kikombe kila siku kinachoishia juujuu na kufundisha mizizi uvivu. Acha miche miwili ya nakati na miwili ya dodo, ile yenye afya kuliko zote, izeeke na kutoa mbegu, kausha kivulini, weka kwenye karatasi na uandike tarehe. Mboji uliyoanza Februari itakuwa imeiva hapo. Kitalu cha ddumbi unamwaga mwishoni mwa Julai, na kama mnyauko haukujitokeza, safari hii nyanya zinaruhusiwa.